Boriti iliyopima upana wa chumba

Ukipita Barabara ya Morogoro kutoka Mbezi kuelekea Kibaha, pale Kibamba utaona slebu mpya zimeshikiliwa na mirunda iliyosogeana. Kila fundi aliyezisuka nondo zake alilazimika kujibu swali moja: kutoka ukuta hadi ukuta ziwe mita ngapi? Pwani yetu ililijibu swali hilo kwa mti wa mkoko, zaidi ya miaka 600 iliyopita.

Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman pale Kilwa Kisiwani, lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14. Lina nyua pana na bwawa la kuogea lenye pembe nane, lakini vyumba vyake ni virefu na vyembamba. Ndivyo zilivyo pia nyumba za mawe za Lamu na Unguja: upana wa chumba ni kama mita 2 na nusu, nadra kufika 3. Sultani hakukosa fedha, kwani dhahabu ya Sofala ilipitia bandarini kwake. Aliyempimia chumba ni boriti ya mkoko.

Mkoko hurefuka kupita mita 3. Shida iko kwenye mzigo. Juu ya boriti hupangwa mawe ya matumbawe, kisha chokaa na kokoto hushindiliwa kwa unene mkubwa. Boriti ikilemewa, upande wa juu hubanwa na wa chini huvutwa; huo ndio mkazo. Nyuzi za mti nazo hufupika juu na kurefuka chini, hata boriti nzima ikabonyea katikati. Ukiongeza urefu wake mara 2 bila kuinenepesha, huku kila mita ikibeba uzito uleule, mkazo huongezeka mara 4. Kubonyea huongezeka mara 16. Sakafu ya chokaa ya paa haivumilii hivyo. Hupasuka, maji ya mvua yakapenya, na mti ukaoza kabla haujavunjika.

Mwanasayansi Robert Hooke alichapisha mwaka 1678 kanuni kwamba kitu hurefuka kwa kadiri kinavyovutwa. Wakati huo waashi wa Kilwa walikuwa wameshaiishi kanuni hiyo kwa vizazi. Walipotaka nafasi pana zaidi hawakulazimisha boriti: katika Msikiti Mkuu waliinua kuba na matao, ambayo hubeba uzito kwa kubanwa. Na boriti zetu zilisafiri kwa majahazi ya kusi hadi Ghuba ya Uajemi, zikapima vyumba vya huko vilevile.

Nondo ndizo zilizotupanulia vyumba. Zege hustahimili kubanwa, ila likivutwa hupasuka upesi. Chuma hulipokea pale linaposhindwa. Kwa hiyo katikati ya slebu nondo kuu hulazwa chini. Kwenye kibaraza kinachoning'inia nje, mvuto uko juu, na nondo sharti ziwe juu. Nondo hizo zikikanyagwa zikazama wakati wa kumwaga zege, kibaraza hubaki bila mshikaji.

Wewe unayejenga Kibamba, mwachie mhandisi aliyesajiliwa akokotoe upana na nondo, usikisie kwa kutazama nyumba ya jirani. Zege hupimwa nguvu zake likiwa na siku 28. Usiing'oe mirunda kabla mhandisi hajaruhusu, hata kama mwenye mirunda anaidai.