Posho, Upatu na Kikoba: Temeke Ilivyojifunza Pesa

Mwaka 1931 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilipitisha sheria ya kudhibiti mikopo kwa wenyeji. Mfanyabiashara asiye Mwafrika akimkopesha Mwafrika, hakuweza kumdai mahakamani mpaka deni liwe limeidhinishwa kwa maandishi na ofisa wa serikali. Hoja ya watawala ilikuwa kumlinda mwenyeji asinyonywe. Wenye maduka wa Dar es Salaam, wakijua mahakama haitawasaidia, walishika mali badala ya ahadi. Rehani ikawa njia ya kawaida ya kuli na boi kufika mwisho wa mwezi.

Temeke ilipopangwa kuwa makazi ya Waafrika baada ya Vita Kuu ya Pili, wakazi wake walikuwa wanaishi kwa kalenda mbili. Kibarua wa bandarini alilipwa kwa siku. Mwenye ajira ya mwezi alipewa posho katikati, akamalizia kwa kukopa dukani, kama J.A.K. Leslie, ofisa wa kikoloni, alivyoona alipochunguza maisha ya mji mwaka 1956. Wengi waliita hali hiyo ubadhirifu. Lakini mtu asiyejua kama kesho kutakuwa na meli ya kupakua, akiba ya miezi sita ataitoa wapi? Makuli hesabu yao waliijua: mgomo wao wa Septemba 1947 ulifuata reli mpaka bara, na ujira wao ukapanda.

Uhuru ulileta akiba ya lazima. Mfuko wa akiba ya wafanyakazi, NPF, ulianzishwa mwaka 1964; Februari 1967 mabenki yakataifishwa, na Benki ya Taifa ya Biashara (NBC) ikabaki karibu peke yake katika biashara ya benki Tanzania Bara hadi sheria mpya ya mwaka 1991. Mfanyakazi wa kiwandani Chang'ombe alikatwa mshahara kila mwezi, akingojea siku ya kustaafu alipwe kwa mkupuo. Miaka ya 1980 mfumuko wa bei uliokaribia asilimia 30 kwa mwaka ukaila akiba hiyo ikiwa bado mfukoni mwa serikali. Wapo waliostaafu wakapokea pesa isiyotosha hata kuezeka nyumba.

Hapo ndipo wanawake walipowazidi wataalamu. Mtafiti Aili Mari Tripp, aliyekaa na wakazi wa Manzese na Buguruni, mitaa mingine ya Dar es Salaam, mwaka 1987 na 1988, alikuta familia zinaishi kwa miradi midogo, mshahara ukiwa nyongeza tu, na upatu ukizunguka miongoni mwa wanawake. Kijumbe anakusanya, mmoja anapokea zote, zamu inaendelea. Bei zikipanda kila mwezi, pesa iliyolala hunyauka. Ya upatu hailali, leo imekusanywa, kesho imeshakuwa gunia la mkaa au bati. Ni vigumu kuona mwalimu gani wa benki angewafundisha mbinu bora zaidi kwa wakati ule.

Mbinu hiyo haikuwakinga na kila kitu. Mwaka 2009 serikali ilipoifunga DECI, taasisi ya kupanda na kuvuna pesa iliyokuwa na makao Mabibo, maelfu walikuwa wameshapanda "mbegu" wakingoja kuvuna. Wengi walikuwa wazoefu wa kuchangishana, na uzoefu huo pengine ndio uliowaponza: waliamini wenzao waliokwisha kulipwa, bila kuuliza faida inatoka wapi.

Kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa, kina jibu la swali hilo, kwa kuwa faida yake ni riba wanayolipa wanachama wenyewe. Mfumo huo ulianzia Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, ukafika Zanzibar, kisha Bara. Sanduku huwa na kufuli tatu na funguo hukaa kwa watu tofauti. Vikundi vingi huvunja kikoba na kugawana Desemba, kwa sababu Januari ni ada za shule.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ikavitaka vikundi visajiliwe, na Benki Kuu ikazikabidhi halmashauri kazi hiyo. Halmashauri hizo hizo hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Sharti la kukopa kwa kikundi lilizaa vikundi hewa, vilivyoundwa siku chache kabla ya hundi. Aprili 2023 serikali ilisimamisha mikopo hiyo, baada ya ripoti za Mkaguzi Mkuu (CAG) kuonyesha fedha zisizorejeshwa. Ikairudisha mwaka 2024. Katika kipindi hicho cha kusubiri, wakopeshaji wa riba kubwa, waitwao kausha damu, hawakufunga hata siku moja.