Boriti Hulia Kabla ya Kuvunjika

Pale Buseresere, mji unaposhikana na Katoro, gogo lina safari mbili. Moja linakwenda kuwa kenchi ya nyumba. Jingine linashuka duarani kuwa timba, lizuie mwamba usimwangukie anayetafuta dhahabu. Mchimbaji mzoefu hana haja ya fomula. Anamulika juu na kujiuliza: hili limepinda kuliko jana?

Swali hilo ni la zamani. Watu wa pwani walilijibu kwa nyumba zao. Ingia nyumba ya mawe ya Lamu au Unguja: vyumba ni virefu lakini vyembamba, upana wa mita 3 hivi au pungufu. Si kwamba wenyewe hawakupenda nafasi. Dari ya mawe na chokaa ni mzigo kwelikweli, na unabebwa na boriti za mikoko. Boriti ikizidi urefu, inabonyea. Basi mti ndio uliopanga upana wa chumba.

Huko Italia, Galileo aliliandikia kitabu akiwa kifungoni nyumbani kwake; kikachapwa Leiden mwaka 1638. Alichora boriti imechomekwa ukutani, mzigo unaning'inia nchani. Aliona kuwa ubao uliosimamishwa kwa ubavu hubeba kuliko uliolazwa. Hapo alipatia. Ila alidhani unene wote wa boriti huvutwa. Kumbe inapopinda, upande mmoja unavutwa na wa pili unabanwa. Kosa hilo liliipa boriti nguvu mara 3 ya ile halisi, na hadi Coulomb anaiweka sawa hesabu hiyo mwaka 1773, karne nzima ilishapita.

Wewe huhitaji karne. Weka ubao juu ya matofali mawili, tundika ndoo katikati, pima kwa rula. Ongeza maji uzito uwe mara 2: ubao unashuka mara 2. Robert Hooke alishalisema hilo mwaka 1678. Sasa rudisha uzito wa mwanzo, halafu tenganisha matofali umbali uwe mara 2. Utadhani ubao utashuka mara 2 tena. Wapi! Unashuka mara 8.

Hiyo 8 ndiyo ya kuogopa. Anayeruka timba moja ili kubana matumizi anaona ameokoa gogo moja tu. Kumbe amerefusha nafasi, na mwamba wa kubebwa nao umeongezeka.

Januari 2017, kule Nyarugusu mkoani Geita, watu 15 walifukiwa mgodini, wakatolewa wote hai. Tulishangilia. Lakini si kila duara hurudisha watu wake.

Mti mzima una hisani: aghalabu hupinda, hulia, ndipo huvunjika. Uliokwisha kuliwa na mchwa hauagi. Kwa hiyo yule anayemulika juu kila asubuhi anafanya kazi ileile ya Galileo, tofauti ni kwamba yeye akikosea hesabu, hakuna wa kumsahihisha kesho.