Sheshe na Wenye Bonde

Vijana wengi tunaoota kuandika riwaya, tukitaka mnyama tunamwita simba, na tukitaka mbuga tunakimbilia Serengeti. Leo nakupeleka kwingine: Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro. Abiria wa TAZARA hupita pembezoni mwake, wengine wamelala fofofo.

Hebu tazama lilivyokaa. Upande mmoja imesimama milima ya Udzungwa, upande wa pili nyanda za Mahenge. Masika yakishika, vijito vyote vinashuka kwa pamoja, na mto Kilombero unavunja kingo zake. Nyasi na matete vinasimama ndani ya maji. Kambale wanaingia majanini kuzaliana. Kiangazi maji yanarudi mtoni, yakiacha tope lenye rutuba na majani mabichi. Hapo ndipo sheshe anaposhuka kula. Sheshe ni swala wa rangi ya dhahabu, na kwa miaka mingi hapakuwa na mahali duniani penye sheshe wengi kuliko hapa. Kwenye matete yuko mnana wa Kilombero, ndege ambaye wataalamu walimtangaza rasmi mwaka 1990 tu. Wavuvi, bila shaka, walikuwa wakimwona siku zote!

Na hapo ndipo historia yangu inapoanzia. Bonde hili halikuwa tupu. Wandamba walivua na kuwinda humo kwa mitumbwi. Mwaka 1926 Mwingereza Hodgson alichapisha maelezo ya desturi zao za uwindaji. Mwaka 1935 kikatoka kitabu cha akina Culwick juu ya Wabena wa bondeni, nacho kina sura iliyoandikwa na Mtema Towegale Kiwanga mwenyewe. Maana yake ni nini? Mwenyeji alishika kalamu zamani sana, kabla wazazi wetu hawajazaliwa.

Halafu yakaja mafaili. Miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwakusanya watu wa Ulanga katika makazi ya pamoja, ikitaja ugonjwa wa malale. Mwaka 1952 bonde likawa pori tengefu. Mwaka 2002 likaingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu, karibu hekta 800,000. Mwaka 2012 ikapita operesheni ya kuondoa mifugo. Mwaka 2023 likapandishwa hadhi kuwa pori la akiba. Kila karatasi inamtaja mnyama kwa jina. Mtu anatajwa kama tatizo.

Lakini tusidanganyane, jamani. Mashamba ya mpunga yalipanuka, ng'ombe waliingia kwa maelfu, na sheshe wamepungua sana. Hilo si uzushi wa maofisa. Anayesema wananchi hawana lawama yoyote anatunga ngano, sawa na yule anayesema bonde lilikuwa bustani isiyo na binadamu. Mchele wa Ifakara tunaousifia mezani unatoka kwenye tope lilelile analolihitaji sheshe.

Nawe wa Dar es Salaam usijitoe. Kilombero unaupa mto Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake, na kwenye Rufiji ndiko lilikojengwa Bwawa la Nyerere, lililoanza kutoa umeme mwaka 2024. Taa unayosomea gazeti hili huenda imepita kwenye nyasi zile.

Kwa hiyo nasema: bonde lilindwe, tena kwa nguvu, maana nyasi zikiisha, samaki na mpunga navyo vitafuata. Ila anayelilinda aanze kwa kuuliza. Wako wazee waliovua humo ujanani. Wanajua maji ya mwaka mkubwa yalifika mti gani, na sheshe walipandia njia ipi. Ramani ya pori ina mipaka yote, lakini mti huo haumo. Sisi wenye daftari na nauli ya treni tunangoja nini?