Iten: shule ya mabingwa na mwalimu wa jiografia

Wadau, kila Olimpiki ikiisha nasi tukarudi mikono mitupu, wimbo unakuwa uleule vijiweni na redioni: "Wakenya wana hali ya hewa." Mwingine atasema ni ugali wa kule, mwingine atasema ni damu ya Kikalenjin. Nimekuwa nikifuatilia historia ya shule moja tu, St. Patrick's ya Iten, na kadiri ninavyosoma ndivyo hoja ya hali ya hewa inavyozidi kunipa mashaka.

Iten ni mji mdogo ukingoni mwa Bonde la Ufa, mwinuko wa kama mita 2,400 kutoka usawa wa bahari. Baridi ipo, vumbi jekundu lipo. St. Patrick's ni shule ya bweni ya wavulana iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na mabruda wa Kikatoliki kutoka Ireland, wale wanaoitwa Patrician. Wakati huo hakuna aliyekuwa na mpango wa kutengeneza kiwanda cha wanariadha. Walikuja kusomesha. Hata hivyo mapema tu alitoka pale Mike Boit, aliyepata shaba ya mita 800 Munich mwaka 1972.

Mwaka 1976 akafika kijana mmoja kutoka Cork, Bruda Colm O'Connell, kufundisha jiografia. Alitarajia kukaa miezi michache tu. Riadha hakuijua: hakuwa mkimbiaji, hakuwa na cheti cha ukocha, na kwao Ireland alizoea mpira. Aliyekuwa akiwanoa vijana pale shuleni ni mwalimu Mwingereza, Peter Foster, mdogo wake Brendan Foster yule mkimbiaji maarufu wa Uingereza. Foster alipoondoka, kazi ikamwangukia bruda wa jiografia.

Hapa ndipo pananivutia zaidi. Mtu asiyejua kitu ana njia mbili, kujifanya anajua au kuuliza. O'Connell aliuliza. Amesimulia mara nyingi kwamba walimu wake wa kwanza wa riadha walikuwa ni wanafunzi wenyewe: aliwatazama wakikimbia, akawauliza wanajisikiaje, akaona nani anachoka na kwa nini. Hakuja na kitabu cha Ulaya akawalazimisha watoto wa Keiyo na Marakwet wakifuate.

Kilichotokana na utaratibu huo hakifanani na tunavyomfikiria kocha, mzee wa filimbi na makelele. Mazoezi yake mengi ni ya taratibu mno, mgeni anaweza kudhani amekosea kambi. Vijana wanakimbia kwa kundi, pole pole, bega kwa bega, hakuna ruhusa ya kumpita mwenzako. Bingwa wa dunia anaweza kuwa katikati ya kundi hilo na mtoto wa sekondari pembeni yake, na usijue yupi ni yupi. Halafu yanakuja mazoezi ya namna ya kuubeba mwili: kichwa, mabega, mikono, mguu unatua wapi na kwa wakati gani. Mbio za kufa na kupona zinawekewa siku yake, tena si nyingi.

Tusisahau pia kwamba hii ilikuwa shule. Kengele ya asubuhi ilikuwapo, darasa lilikuwapo, mtihani ulikuwapo. Mkimbiaji alikuwa mwanafunzi kwanza. Hakuwa na wakala wala mkataba wa viatu, wala mjomba wa kumhesabia dola kabla hajafika mstari wa mwisho. Na kocha mwenyewe ni mtawa, hachukui asilimia ya zawadi ya mtu. Mimi naona hili lina uzito kuliko mwinuko wote wa Iten, maana kocha asiyekula kwa jasho la mtoto hana sababu ya kumharakisha.

Matunda hayakuchelewa. Mapacha Charles na Kipkoech Cheruiyot walivaa jezi ya Kenya Los Angeles mwaka 1984. Ibrahim Hussein, mwingine wa St. Patrick's, mwaka 1987 akawa Mwafrika wa kwanza kushinda marathoni ya New York, na mwaka uliofuata akashinda Boston. (Sisi Watanzania tunaikumbuka hiyo ya Boston 1988 kwa uchungu: Hussein alimpita Juma Ikangaa wetu kwa sekunde moja.) Mwaka huohuo Seoul, Peter Rono mwenye miaka 21 aliwashangaza akina Steve Cram na Peter Elliott akachukua dhahabu ya mita 1500. Mwaka 1992 Barcelona ikawa zamu ya Matthew Birir, mita 3000 kuruka viunzi na maji. Mwanafunzi wa zamani akitwaa taji kubwa hupandiwa mti shuleni na kuwekewa kibao chenye jina lake. Kijana wa kidato cha kwanza anapita chini ya miti hiyo akienda darasani.

Mwaka 1989 O'Connell alianzisha kambi za likizo na akafungua mlango kwa wasichana, jambo lililokuwa geni wakati ule, msichana wa kijijini akitarajiwa kuwa na kuni na maji likizo nzima. Miaka miwili baadaye Lydia Cheromei alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za nyika za vijana huko Antwerp. Alikuwa na miaka 13! Mwaka 1997 Sally Barsosio akashinda dunia mita 10,000, mwanamke wa kwanza wa Kenya kutwaa dhahabu hiyo uwanjani.

Halafu kuna mita 800. Wilson Kipketer, mwanafunzi wa St. Patrick's aliyehamia Denmark mwaka 1990, aliikosa Olimpiki ya 1996 akiwa kwenye ubora wake kwa sababu uraia haukuwa umekamilika. Mwaka 1997 akaweka rekodi ya dunia, 1:41.11, ikadumu miaka 13. Aliyeivunja mwaka 2010 ni David Rudisha, aliyesoma shule nyingine hapohapo Iten lakini akalelewa kimazoezi na O'Connell huyohuyo. Rudisha alitaka kukimbia mita 400 kama baba yake, Daniel, aliyepata fedha ya kupokezana vijiti Mexico 1968. Bruda ndiye aliyemshauri aongeze mzunguko wa pili. London 2012: 1:40.91.

Sisemi Iten ni peponi. Mji ule umejaa mawakala na kambi za biashara, na kashfa za dawa za kuongeza nguvu zimeichafua sana riadha ya Kenya katika miaka ya karibuni. Yaliyokuwa yakilindwa na uzio wa shule hayana uzio tena.

Turudi nyumbani. Mbulu, Karatu na Hanang kuna mwinuko na baridi, na walitoka huko akina Filbert Bayi na Gidamis Shahanga. Ikangaa alikuwa mwanajeshi, Bayi alipitia jeshini, na Alphonce Simbu, aliyetupa dhahabu ya kwanza ya dunia katika marathoni ya Tokyo mwaka 2025, ni wa JWTZ. Wakimbiaji wetu wakubwa wamelelewa na jeshi zaidi kuliko shule. Jeshi linampokea mtu akiwa mkubwa tayari, wakati Cheromei alionekana akiwa mtoto. Nasi mwanzoni mwa miaka ya 2000 tulifika mahali tukasimamisha UMISSETA kabisa, ikaja kurudishwa baadaye.

Ninakusanya majina ya walimu waliokuwa wakiwakimbiza wanafunzi kabla ya michezo ile kusimamishwa, hasa mikoa ya Arusha, Manyara na Singida. Mwenye kumbukumbu aniandikie.