Kahawa ya kulowekwa kwa maji baridi: Yanayofaa kuzingatiwa katika joto la Kisumu

JUA la Januari hadi Machi linapowaka jijini Kisumu, joto la mchana hukaribia nyuzijoto 30 na mara nyingi hupita hapo. Upepo wa ziwani huanza kuvuma baada ya adhuhuri, lakini ndani ya nyumba zilizoezekwa kwa mabati nafuu hiyo huchelewa kufika. Katika hali kama hiyo, kikombe cha kahawa kinachofuka mvuke hakimvutii kila mtu. Ndiyo sababu kahawa ya kulowekwa kwa maji baridi, ambayo tangu miaka ya 2010 imeenea katika mikahawa ya miji mingi duniani, ina mvuto wa pekee kwa wakazi wa ufuo wa Ziwa Victoria.

Kinywaji hiki kisichanganywe na kahawa ya barafu. Kahawa ya barafu hupikwa kwa maji moto, kisha hupozwa. Hii nyingine haikutani na moto kamwe: kahawa iliyosagwa hulowekwa katika maji yasiyo moto kwa saa nyingi, ikachujwa, basi. Urahisi huo ndio sifa yake. Ndio pia hatari yake, kwa kuwa kuchemsha maji ndiko kumewakinga wanywaji wa chai na kahawa kwa vizazi vingi, bila wengi wao kutambua kwamba walikuwa wakijikinga.

Jambo hilo si dogo katika eneo hili. Kipindupindu na homa ya matumbo ni maradhi yanayofahamika vyema kandokando ya ziwa. Mnamo 2025 visa vya kipindupindu viliripotiwa tena katika kaunti kadhaa za Kenya, Kisumu na Migori zikiwamo. Vijidudu vya maradhi hayo haviuawi na kahawa. Ukali wa kahawa na weusi wake visimdanganye mtu kwamba maji machafu yakitiwa humo husafika.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza haihusu kahawa, inahusu maji. Yachemshwe kwanza hadi yatokote kwa nguvu, yafunikwe, yaachwe yapoe, ndipo kahawa itiwe. Katika miinuko ya Kisumu, ambayo iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, kutokota kwa dakika moja kamili kunatosha. Jamaa walioko katika milima ya Nandi, panapozidi mita 2,000, wangoje dakika tatu, maana maji huko huchemka kwa joto la chini zaidi.

Maji ya mfereji hutiwa dawa kabla ya kusambazwa, lakini safari ya kutoka bombani hadi jikoni ina mengi. Familia nyingi za mitaa kama Nyalenda na Manyatta hununua maji kwa mitungi ya lita 20, na mtungi uliopitia mikono mingi hauwezi kuaminiwa kwa kutazamwa tu. Maji ya mvua yanayokingwa kutoka kwenye mabati nayo huoshea paa kinyesi cha ndege na vumbi. Yote yachemshwe. Faida nyingine ni kwamba kuchemsha huondoa sehemu kubwa ya harufu ya klorini, ambayo katika kahawa hii laini huonekana wazi kuliko katika chai ya maziwa.

Yapo maji ambayo hata moto hauyafai. Katika Ghuba ya Winam, mbolea inayosombwa na mito pamoja na maji taka huchochea kuzaana kwa bakteria wa jamii ya mwani, hata maji yakageuka kijani kama yaliyomwagiwa rangi. Baadhi ya bakteria hao hutoa sumu inayodhuru ini. Sumu hiyo haiharibiwi kwa kuchemshwa. Maji yanapopungua sufuriani, sumu hubaki na kukolea. Maji ya aina hiyo yasichotwe kwa kinywaji chochote.

Kuhusu kahawa yenyewe, mkazi wa Kisumu hana haja ya kutazama mbali. Mashamba ya Koru na Muhoroni yamo katika kaunti yake, na Koru kuna kituo cha utafiti wa zao hilo. Nandi, Kipkelion, Bungoma na Kisii ni majirani. Kisii ina historia ya kipekee: pamoja na Embu na Meru, ni miongoni mwa sehemu za kwanza ambako serikali ya kikoloni iliwaruhusu Waafrika kupanda kahawa katika miaka ya 1930, baada ya zao hilo kuhodhiwa na walowezi kwa muda mrefu. Hata hivyo, sehemu kubwa mno ya kahawa ya Kenya huuzwa ng'ambo, na wakulima wengi waliozeeka wakiichuma hunywa chai.

Huko pwani mambo ni tofauti. Katika Mji wa Kale wa Mombasa, kahawa chungu iliyotokota katika dele juu ya makaa, yenye tangawizi, hunywewa moto kwa vikombe vidogo hata katika jua kali, wala hakuna anayelalamika. Anayeloweka kahawa Kisumu anaweza kuazima viungo hivyo, mradi akumbuke kwamba tangawizi hutoka udongoni. Ioshwe, imenywe, ichemshwe pamoja na maji tangu mwanzo, isitumbukizwe mbichi baadaye. Iliki iliyopondwa vivyo hivyo.

Si lazima kununua kahawa ya daraja la juu. Herufi AA zinazotangazwa kwenye pakiti huonyesha ukubwa wa punje, wala si ahadi ya ladha. Isitoshe, sifa iliyoipa kahawa ya Kenya jina duniani ni ule uchachu wake mchangamfu kama wa matunda, na maji baridi huufifisha. Maji moto hung'oa kwa haraka asidi, mafuta na vitu vichungu kutoka katika unga. Maji baridi hufanya kazi hiyo polepole na huacha baadhi ya vitu hivyo nyuma. Matokeo yake ni kinywaji laini, chenye utamu wa mbali na uchungu mdogo. Mpenzi wa ule uchachu atasikitika akiloweka punje za bei ghali. Daraja la AB, au hata punje ndogo za C zilizokaangwa vizuri, hufaa kabisa.

Kahawa ya kopo, ile inayoyeyuka papo hapo, haihusiki hapa, kwa kuwa imekwisha kupikwa kiwandani. Inayohitajika ni punje zilizokaangwa na kusagwa kwa ukubwa, zifanane na chembe za chumvi ya mawe. Unga laini hupenya kila kitambaa na kuacha tope chini ya gilasi. Asiye na mashine anaweza kutumia kinu na mchi, akitwanga kidogo kidogo na kuacha mapema kuliko anavyodhani inafaa. Kinu kilichotwangiwa vitunguu saumu kitafutiwe kazi nyingine.

Kipimo rahisi ni gramu 100 za kahawa kwa lita moja ya maji. Kwa kuwa unga huo hushikilia maji kiasi cha mara mbili ya uzito wake, kitakachochujwa ni takriban mililita 800. Huo ni mchuzi mzito wa kuzimuliwa, nusu kwa nusu, kwa maji yaliyochemshwa au kwa maziwa wakati wa kunywa. Chombo bora ni gudulia la kioo lenye kifuniko, lililooshwa kwa sabuni na kusuuzwa kwa maji moto. Ndoo za plastiki zilizokuwa na mafuta ya kupikia huhifadhi harufu, na kahawa huinyonya. Unga ukiisha kutiwa, ukorogwe taratibu hadi wote ulowe, kwani vipande vinavyoelea vikiwa vikavu havitoi kitu.

Muda wa kuloweka ndio unaowapotosha wengi. Maelekezo mengi yanayosomwa yametoka Ulaya na Marekani, nayo husema gudulia likae mezani kwa saa 12 hadi 24 katika joto la kawaida la chumba. Joto la kawaida la chumba huko ni nyuzijoto 20 au 22. Chumba cha Kisumu saa nane mchana chaweza kuwa na 30 au zaidi, na katika joto hilo mambo mawili huenda kasi: kahawa hutoa uchungu wake mapema, na vijidudu vichache vilivyoingia kwa kijiko au kwa mkono huzaana. Saa 24 juu ya meza ya Milimani au Kondele si sawa na saa 24 mjini London.

Mwenye jokofu na alitumie tangu mwanzo: saa 16 hadi 18 ndani ya baridi, gudulia likiwa limefunikwa. Asiye na nafasi jokofuni aloweke usiku, joto linaposhuka, kwa saa nane au tisa tu, kisha achuje alfajiri na kupoza mara moja. Kuanza asubuhi na kuacha gudulia mezani mchana kutwa ndilo kosa la kuepukwa zaidi ya yote.

Kuchuja hufanywa mara mbili. Kwanza kwa chujio la chai ili kuondoa machicha, kisha kwa kitambaa safi cha pamba kilichochemshwa, au karatasi ya kuchujia kwa aliye nayo. Kitambaa kisikamuliwe. Kukikamua hutoa mililita chache tu, pamoja na tope lote ambalo mtu amekesha akilikwepa.

Baada ya hapo kahawa hukaa jokofuni, katika nyuzijoto 4 au chini yake. Wengine husema hudumu wiki nzima au mbili. Kwa nyumba ya hapa, ambako umeme hukatika bila taarifa, siku tatu ni kipimo cha busara zaidi, na ikiwa umeme umepotea kwa zaidi ya saa nne kahawa hiyo imwagwe. Ikishatiwa maziwa, inywewe siku hiyo hiyo. Kahawa ya aina hii haina uchachu wa kutosha kuzuia kila kijidudu. Mnamo 2017 kampuni moja ya Marekani ililazimika kurudisha kutoka madukani makopo yake ya kahawa baridi kwa hofu kwamba yangeweza kuzalisha sumu ya botulini. Hakuna aliyeripotiwa kuugua, lakini onyo lilisikika: vyombo visivyopitisha hewa visihifadhiwe nje ya baridi.

Je, dapi lafaa? Chungu hicho cha udongo, ambacho nyumba nyingi za Waluo bado hukitunza pembeni kwa maji ya kunywa, hupoza kwa njia ya ajabu isiyo na gharama. Maji hupenya vinyweleo vya udongo na kukauka kwa nje, yakichukua joto. Lakini hushusha nyuzijoto chache tu, na hewa nzito yenye unyevu ya karibu na ziwa hupunguza nguvu zake. Ni kitu kizuri kwa maji ya kuzimulia kahawa, yakiwa yamechemshwa na chungu kikiwa na kifuniko. Si mahali pa kuhifadhi kahawa yenyewe. Zaidi ya hayo, udongo utakaonywa kahawa hautasahau ladha yake, na wenye chungu hawatashukuru.

Barafu nayo ina maswali yake. Katika fuo za wavuvi kama Dunga, barafu ni chombo cha kazi: huletwa ili samaki wasioze kabla ya kufika sokoni. Hubebwa, huvunjwa na kumwagwa kwa namna inayofaa sangara, wala haikukusudiwa kuingia katika gilasi. Barafu ya kinywaji iwe imegandishwa nyumbani kwa maji yaliyochemshwa, ama inunuliwe ikiwa imefungwa na kuandikwa kuwa ni ya kunywa.

Sukari haiyeyuki vizuri katika baridi na hujilimbikiza chini. Dawa yake ni shira: sukari kikombe kimoja na maji kikombe kimoja, zikachemshwa hadi sukari ipotee, zikapozwa na kuwekwa chupani.

Kadhalika, wepesi wa kinywaji hiki huficha nguvu zake. Kwa kuwa si kichungu, mtu humaliza gilasi mbili kama anayekunywa maji ya ndimu. Nusu kikombe cha ule mchuzi mzito huenda kikawa na zaidi ya miligramu 100 za kafeini. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, katika tathmini yake ya 2015, ilitaja miligramu 400 kwa siku kuwa kiwango kisicholeta wasiwasi kwa watu wazima wenye afya, na 200 kwa wajawazito. Watoto wapewe maji ya ndimu ya kweli.

Kwa nyumba isiyo na jokofu wala umeme wa kutegemewa, iko njia iliyo bora kuliko kuloweka, ingawa ladha yake ni tofauti. Kahawa ipikwe kwa maji yanayotokota, nzito mara mbili ya kawaida, ichujwe ikiwa moto, chombo kifunikwe na kusimamishwa ndani ya beseni la maji baridi, maji ya beseni yakibadilishwa mara mbili au tatu. Itakuwa imepoa katika muda usiozidi saa moja. Inywewe hapo hapo, ikiisha ipikwe nyingine.

Aliye na jokofu achemshe maji jioni, wakati moto wa chakula cha usiku ungali unawaka, kwani yanahitaji saa kadhaa kupoa kabla ya kahawa kutiwa. Gudulia likiingia jokofuni saa tatu usiku, litakuwa tayari kuchujwa kesho yake kati ya saa saba na saa tisa mchana, wakati jua la Kisumu liko katika ukali wake.