Shule ya Nyasi Kule Gahini, na Swali la Lugha



Mwanzo wa mwaka wa masomo, mama mmoja jirani yetu hapa Kigali alirudi kutoka kuandikisha mtoto, amekasirika kweli. Akatuambia: "Mutoto yangu alifika mu ya sita kule Congo. Sasa banamurudisha mu ya tatu. Juu ya Kingereza tu!" Tulicheka kidogo, ile cheko ya mtu anayejua, maana wengi wetu tulirudishwa vilevile. Kuna mwenzetu aliyekaa darasa moja na mdogo wake wa tumbo moja, na mdogo ndiye alikuwa anamsaidia kazi za nyumbani.

Basi tukaanza kuulizana: hapa Rwanda lugha iligeuka lini kuwa mlango wa shule, mwenye ufunguo anapita na asiye nao anabaki nje? Tukachimba, na tukafika mahali hatukutarajia: kwenye shule ndogo za vijijini za Waanglikana, Kanisa la Uingereza kama walivyoliita zamani. Siku moja tukachanga nauli, tukapanda gari mpaka Kayonza, halafu tukashika barabara ya Nyagatare hadi Gahini.

Gahini ni kilima juu ya ziwa Muhazi. Kanisa kubwa lipo, hospitali ipo, shule zipo, na ziwa linang'aa chini utadhani limepigwa pasi. Kituo kilianza 1925. Waliokianzisha hawakutoka Uingereza moja kwa moja. Madaktari wawili, Leonard Sharp na Algernon Stanley Smith, walikuwa wamefungua kazi Kabale, Uganda, mwaka 1921, na macho yao yalikuwa yanatazama ng'ambo ya mpaka. Kwa muda mfupi, mpaka 1924, sehemu ya mashariki ya Rwanda ilikuwa mikononi mwa Waingereza. Kisha ikarudishwa kwa Wabelgiji, waliokuwa wanatawala nchi nzima baada ya Wajerumani kuondoka. Waanglikana wakajikuta ni kanisa la Waingereza ndani ya nchi ya Wabelgiji. Likumbukeni hilo, tutalirudia.

Shule zenyewe zilikuwaje? Usifikirie majengo ya matofali. Mlimani kabisa, kwenye vituo vidogo, shule ilikuwa kibanda cha miti na udongo chenye paa la nyasi. Jumapili ni kanisa, siku nyingine ni darasa. Mwalimu alikuwa ni yuleyule mhubiri. Alifundisha herufi, silabi, hesabu kidogo, nyimbo, na habari za Biblia. Watoto walikaa chini pamoja na watu wazima, maana lengo la kwanza halikuwa cheti. Ilikuwa kusoma ili ubatizwe. Kule Buganda Wakristo wa mwanzo waliitwa hasa abasomi, yaani wasomaji, na desturi hiyo ilivuka mpaka na walimu: ukitaka kuingia dini, unashika kitabu. Kwa hiyo mzee mwenye mvi angeweza kukaa karibu na mtoto wa miaka minane, wote wanasema ba, be, bi. Hakuna aliyerudishwa darasa, kwa sababu madarasa yenyewe hayakuwepo sana.

Na hao walimu ni nani? Hapa ndipo tulipotazamana. Wengi wa mwanzo walitoka Uganda. Walikuwa wageni, kama sisi. Waliacha ndugu zao, wakaja nchi ambayo lugha yake hawakuizaliwa nayo, kwa mshahara mdogo. Aliye maarufu zaidi ni Blasio Kigozi, Muganda, mdogo wake Simeoni Nsibambi wa Kampala. Alifika Gahini mwaka 1929 kufundisha. Jina lake linatajwa sana katika historia ya uamsho wa dini ulioanzia Gahini miaka ya 1930 na kuenea Afrika Mashariki yote, lakini sisi tulivutiwa na jambo dogo zaidi: alikuwa mwalimu wa shule katika nchi ya watu. Alifariki Januari 1936, bado kijana.

Alipofika, watu walikuwa wanatoka kwenye njaa ya Rwakayihura, ya 1928 na 1929, iliyopiga vibaya hasa upande huo wa mashariki. Wengi walikufa, na wengi walishika njia kwenda Uganda kwa miguu. Daktari Joe Church alikuwa ndiyo kwanza amefika kuongoza hospitali ya Gahini, na hospitali ikageuka mahali pa kugawa chakula. Shule wakati wa njaa haina maana kubwa. Mnaofanya kazi za misaada mnalijua: mgao ukipunguzwa, viti vya darasani vinaanza kubaki wazi kabla hata ripoti haijaandikwa.

Sasa turudi kwenye lugha. Waanglikana walifanya kitu kikubwa: waliamua mtu asome kwa Kinyarwanda. Mwingereza Harold Guillebaud alikaa na wasaidizi Wanyarwanda wakatafsiri, na Agano Jipya la Kinyarwanda likatoka mwaka 1931. Hebu fikiria maana yake kwa mtoto wa mlimani. Maneno aliyoyasikia kwa mama yake akichunga mbuzi, leo anayaona kwenye karatasi. Hakuhitaji kwanza kugeuka mtu mwingine ndipo aanze kusoma.

Lakini kulikuwa na shida, na ilikuwa kubwa. Wabelgiji waliweka tofauti kati ya misheni za "kitaifa", yaani za Wakatoliki wa Kibelgiji, na misheni za "kigeni", yaani Waprotestanti. Kuanzia katikati ya miaka ya 1920 fedha za serikali kwa ajili ya shule zilienda kwa za kitaifa. Waanglikana hawakupata, mpaka baada ya Vita Kuu ya Pili. Tena kazi za serikali zilitaka Kifaransa. Mwaka 1929 ilianzishwa shule kubwa ya Astrida, ndiyo Huye ya leo, chini ya mabruda Wakatoliki, na humo ndimo walimotoka makarani na wasaidizi wa utawala. Mtoto wa shule ya nyasi aliweza kusoma Kinyarwanda vizuri kabisa, akaandika barua safi, lakini akifika kwenye ofisi ya Mbelgiji elimu yake ilikuwa kama pesa ya nchi nyingine: ni pesa kweli, ila hapa haitumiki.

Tulipofika hapo kwenye mazungumzo, mwenzetu mmoja akasema, "Sasa hiyo ni sisi." Akatoa cheti chake cha sekondari ya Congo, cha Kifaransa, alichokibeba ndani ya plastiki tangu walipokimbia.

Ila tusidanganyane, hali zetu hazifanani kila upande. Wale watoto walikuwa kwao. Walinyimwa mlango wa ofisi, hawakunyimwa nyumba. Na kuna wanaosema wamisionari walipenda lugha ya nyumbani kwa sababu Waingereza hao wenyewe Kifaransa kiliwapiga chenga. Huenda kuna ukweli kidogo, maana ilibidi wamisionari wapitie Ubelgiji kwanza kujifunza. Sisi tunaona hata kama ndivyo, faida ilikuwa ya mtoto.

Baadaye mambo yaligeuka mara nyingi. Kuanzia 1959 Wanyarwanda wengi walikimbia, na watoto wao wakasoma kwa Kiingereza kule Uganda, kwa Kifaransa kule Burundi na Congo. Baada ya 1994 wakarudi na lugha zao zote mbili. Mwaka 2008 serikali ikaamua kufundisha kwa Kiingereza, na walimu waliozoea Kifaransa maisha yao yote wakalazimika kuwa wanafunzi tena. Kwa hiyo yule mwalimu anayekusahihisha Kiingereza chako, huenda naye alirudishwa nyuma siku moja. Sisi tulipolijua hilo hasira ilipungua kidogo. Kidogo.

Na kuna Kigeme. Baadhi yetu tumekulia pale. Ukipita Huye kuelekea msitu wa Nyungwe, utaona kambi kwenye vilima viwili, barabara katikati. Lakini Kigeme ilijulikana kabla ya kambi: Waanglikana walifungua kituo hapo mwanzoni mwa miaka ya 1930, na hospitali yao ipo hadi leo. Mwaka 2012, vita vya M23 vilipotufukuza Kivu, tukaletwa kwenye vilima hivyohivyo, tukasoma pamoja na watoto wa wenyeji katika shule za Kigeme. Tulipita karibu na hospitali hiyo kila siku bila kujua kwamba watu walikuwa wanajifunza kusoma hapo miaka themanini kabla yetu.

Siku ile Gahini, wakati tunateremka kutafuta gari, watoto wa shule waliokuwa wametoka darasani walitusalimia kwa Kiingereza, wote kwa sauti moja. Tukawajibu kwa Kinyarwanda chetu cha Masisi. Wakacheka mpaka wakaangusha madaftari.

Mtoto wa jirani yetu amemaliza muhula wa kwanza, amekuwa wa pili. Mama yake bado hajamsamehe mtu.

Kama bibi au babu yako alisomea shule ya misheni ya kijijini, Rwanda, Burundi, Kivu au Uganda, muulize alifundishwa kwa lugha gani na mwalimu alitoka wapi, halafu tutumie hata kwa sauti. Tutaandika sisi.