Koili tatu kwa miezi miwili: historia ya cheche ya pikipiki

Wiki hii zamu ya historia ni yangu, na leo siandiki vita wala mipaka. Naandika koili. Sisi tuliotoka Kongo tunaiita bobini. Hapa Uganda ukisema bobini dukani wanakuangalia tu.

Mwaka jana nilikuwa naendesha boda ya mtu hapa Nakivale. Kila jioni nampelekea mwenyewe shilingi 10,000, upate abiria usipate. Pikipiki ikaanza tabia: asubuhi inawaka vizuri, ikishika joto inazima ghafla. Ukikaa kivulini nusu saa, inawaka tena. Usiku mmoja ilinizimia mlimani nikiwa nimebeba mama na mtoto mwenye homa, tunaenda kituo cha afya. Mama alishuka, akamfunga mtoto mgongoni, akatembea. Mimi nikabaki nasukuma.

Nikanunua koili. Ikafa ndani ya wiki. Nikanunua ya pili, ikafa pia. Mwenye pikipiki akaniambia: ya tatu ikifa, funguo nampa mwingine. Ndipo nikaanza kuuliza, hiki kidude ni nini hasa, na kinakufa kwa nini?

Mwaka 1831, huko London, Michael Faraday alizungushia pete ya chuma nyaya mbili zisizogusana. Akaona kwamba akiwasha au kuzima umeme kwenye waya mmoja, ule mwingine nao unashtuka kidogo. Mwaka 1836 padri wa Ireland, Nicholas Callan, mwalimu wa chuo cha Maynooth, akaenda mbele zaidi: waya mnene mizunguko michache, waya mwembamba mizunguko mingi mno. Ukikata umeme ghafla kwenye mnene, mwembamba unatoa umeme mkali sana. Mita ya kuupima hakuwa nayo, basi akawapimia wanafunzi wake. Mmoja alizimia. (Alipona, jamani. Baadaye akawa Askofu Mkuu wa Dublin.)

Lakini kilichomsumbua Callan ni kuufunika waya. Umeme mkali hautaki kukaa ndani. Ukiona upenyo, unaruka. Kwa hiyo alipaka nyaya zake nta na utomvu wa mti vilivyoyeyushwa, waya mrefu ajabu. Shikeni hapo, maana koili yangu iliuawa na jambo hilohilo.

Sifa ilimwendea mwingine. Heinrich Ruhmkorff, mzaliwa wa Hannover aliyehamia Paris, alitengeneza koili bora na kuziuza, na mwaka 1864 Napoleon III akampa zawadi ya faranga 50,000. Callan alifariki mwaka huohuo. Mimi naona si haki, ila Ruhmkorff naye alikuwa fundi kweli. Na Paris hiyohiyo, mwaka 1860, mhamiaji mwingine, Étienne Lenoir, aliyewahi kuhudumia watu mezani ili apate kula, aliweka cheche ya koili ya Ruhmkorff ndani ya injini ya gesi. Kumbe hata Daimler, mwaka 1885, pikipiki yake ya kwanza haikuwa na cheche. Iliwashwa kwa bomba lililopashwa moto chini ya kiti, na kiti kikashika moto njiani!

Kwa miaka mingi umeme wa koili ulikatwa na platini, vidude viwili vinavyogusana na kuachana. Baadaye ikaja CDI, inayohifadhi umeme na kuurusha kwa mpigo. Hapa ndipo nililiwa. Koili ya platini na ya CDI zinafanana kwa macho, lakini waya mnene wa ile ya platini kwa kawaida una omu 3 hadi 5, na wa ile ya CDI mara nyingi haufiki omu 1. Koili yangu ya kwanza dukani ilikuwa ya platini, pikipiki yangu ni CDI. Muuzaji hakuniuliza, nami sikujua kuuliza.

Ya pili ilikuwa sawa kabisa. Mzee mmoja fundi kutoka Uvira aliifungua, akanionyesha mahali bolti inaposhika fremu: rangi na kutu tupu. “Mwanangu, bobini haina kosa. Umeme haurudi ku chuma.” Kisha akatoa plagi. Nafasi yake, ambayo kwa pikipiki nyingi ndogo ni kama milimita 0.7, ilikuwa imepanuka kwa uzee. Cheche ya volti 15,000 na zaidi ikikosa njia ya kuruka, inajitafutia yake ndani ya koili.

Basi kabla ya kufunga ya tatu tulikwangua kutu mpaka chuma kikang’aa, tukaweka plagi mpya, tukakata ncha ya waya iliyochakaa na kubadilisha kofia ya plagi. Tulipojaribu cheche, mwili wa plagi tuliulaza kwenye chuma cha injini, mbali na petroli. Msiishike mkononi, yule mwanafunzi wa Maynooth anawatosha.

Hiyo ya tatu bado inafanya kazi, na funguo ninazo. Ile ya pili niliikata kwa msumeno. Ndani kulikuwa na kamstari keusi, kembamba kama unywele, kutoka kwenye waya mpaka kwenye chuma.